Gilles Alivyotuzungusha Ufaransa Nzima

14, Mtaa wa Wafumaji,
Roubaix.

3 Septemba 2023.

Mpendwa mdogo wangu Sylvaine,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako mvua imeanza hata kabla watoto hawajarudi shule. Natumaini wewe na Loïc hamjambo, na kwamba Maëlle amepona ule mguu ulioteguka akicheza mpira. Na Titouan je, bado hataki kula samaki? Mtoto aliyezaliwa Nouméa, katikati ya bahari, hataki samaki! Mama hucheka kila akilikumbuka hilo.

Sisi tu wazima wa mwili. Presha ya mume wangu Régis imetulia, na ile nyonga ya mama haimsumbui kama mwaka jana. Nasema wa mwili kwa sababu roho ni habari nyingine, nayo ndiyo iliyonikalisha hapa mezani na kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza, au ungelia, nami ningekuonea huruma kabla sijamaliza. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, tafadhali. Kuna mahali jina lako litatajwa, na nadhani unajua ni wapi.

Unajua mama alichokuwa akikililia miaka yote hii. Kwanza nyonga ilimzuia, halafu corona, halafu nyonga ya upande wa pili, na kaburi la baba kule kijijini Montfalgous, Aveyron, hakulitia machoni. Alikuwa akisema anataka kumwona Fernand mara moja tu kabla hajaenda kulala ubavuni kwake. Unalikumbuka lile jiwe la kijivu: jina la baba na miaka yake, na chini yake jina la mama, mwaka aliozaliwa, kistari, kisha nafasi tupu. Wewe ulipokuwa mdogo ulikataa hata kulitazama. Mama hakuliogopa hata siku moja. Tukigombana hapa nyumbani alikuwa akiniambia, "Usinitishe, Maryse. Mimi nina kwangu kule Aveyron, na mlangoni nimeshaandikwa jina."

Kaka yako Gilles ndiye tuliyemwachia kaburi lile alitunze, kwa kuwa yuko Albi, si mbali na kule, na sisi tuko huku kaskazini, nawe uko mwisho wa dunia. Alichotakiwa kufanya si kingi. Kupitia mara moja moja, kung'oa majani, na muda wa kiwanja cha kaburi, ambacho hukodishwa kwa miaka, ukiisha kwenda ofisi ya kijiji akauongeze. Kila Sikukuu ya Watakatifu Wote alitupigia simu kusema amepeleka maua, akatuma na picha: chungu cha krisanthemu za manjano zilizofunguka vizuri. Mama alinifanya nizichapishe na kuzibandika kwenye friji. Nimekuwa nikiziona kila nikifuata maziwa.

Basi mwaka huu mama alikata shauri. Gilles akasema atakuja mwenyewe kutuchukua, akaja na gari kubwa la kukodi, kiti cha mama kimewekewa mito miwili. Nilimwona mdogo wangu nikaona fahari. Mama alifungasha nguo chache na ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na brashi ngumu, sabuni na chupa ya klorini, maana alisema mvua hainyunyizi kaburi kwa ajili ya kulisafisha, inalichafua tu.

Ukitoka Roubaix kwenda Aveyron unashuka moja kwa moja, unapita Paris, unaendelea. Hata Régis anaijua njia hiyo, na Régis hupotea akienda kununua mkate. Lakini Gilles alikata kulia. Jioni tukajikuta Mont-Saint-Michel, upepo wa bahari unatupiga usoni.

"Shemeji," Régis akamuuliza, "Aveyron imehamia pwani lini?"

"Tulia uoneshwe nchi yako," Gilles akamjibu. "Mama, umri wote huu hujawahi kuiona Mont-Saint-Michel. Ni aibu."

"Na yenyewe ilishawahi kuja kuniona mimi?" mama akasema.

Tulicheka sana. Tulipanda na Régis hadi kwenye abasia, ile nyumba ya watawa kileleni, tukashuka, tukamkuta mama chini amekula mkate wa ngano nyeusi na jibini, amefanya urafiki na mjane wa Kibretoni, wanasengenya wakwe zao. Siku nzuri ile, Sylvaine, siwezi kuikana. Ndiyo maana inaniuma.

Kesho yake tukaenda kuona makasri ya bonde la Loire. Chambord, halafu Chenonceau, halafu jingine ambalo sitaki hata kulikumbuka jina. Pale Chambord kuna ile ngazi ya mizunguko miwili, watu wawili wanapanda pamoja bila kukutana. Gilles aliipanda mara kadhaa peke yake. Nilidhani ameipenda. Mimi nilikaa kwenye nyasi nikakupigia simu, unakumbuka? Nikakusimulia jinsi kaka yako alivyobadilika, jinsi anavyomshika mama mkono kwenye kila kizingiti. Nikakwambia tumefunga midomo yetu wote tuliokuwa tukimwita mvivu. Nawe ukanijibu, kwa ile sauti yako tamu, "Waacheni watembee, dada. Msiharakishe. Mama afurahi." Weka kidole hapo. Tutarudi.

Rocamadour ilikuwa zamu ya mama. Hakuweza kupanda zile ngazi ambazo mahujaji huzipanda kwa magoti, lakini kuna lifti, na alipofika juu kwenye kanisa dogo aliwasha mshumaa akaomba kwa muda mrefu. Alipotoka akamwambia Gilles, "Nimemwambia baba yako kesho tunafika. Nikimfanya aningoje bure utajibu wewe." Gilles akaenda kutafuta maji ya kunywa, akachelewa kurudi.

Kesho hiyo tulifika Conques. Wewe unapajua, baba alikuwa akitupeleka pale tukiwa wadogo, tunatazama yale mashetani ya kuchonga juu ya mlango wa kanisa, nawe unajificha nyuma ya koti lake. Kutoka Conques hadi Montfalgous unafika kabla kahawa haijapoa. Mama alikuwa ameshavaa kitambaa chake kizuri. Gilles akasema barabara imefungwa, kuna maporomoko ya mawe. Nikamwambia tuzungukie Rodez. Akasema na kule pia. Tukamwamini! Watu wazima watatu tumekaa ndani ya gari, tunaziona njia ziko wazi, matrekta yanapita, na tunamwamini mtu kwa sababu ni wetu.

Akatuteremsha kusini zaidi, hadi Carcassonne. Pale nilianza kumtazama vizuri. Tulikaa ndani ya zile kuta za zamani, tukaletewa kasule, chungu kizima cha maharage na bata na soseji, chakula ambacho Gilles tangu utotoni angeweza kutupiga ngumi ili apate sehemu kubwa. Alikuwa anasukumasukuma harage moja kwa uma.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Joto tu, dada."

"Joto halijawahi kukunyima kula wewe."

Akacheka, lakini mdomo tu. Nilifikiri labda ni yule mwanamke aliyemwacha, Corinne, bado anamwuma. Nikamwongezea divai, nikambembeleza. Mimi, Sylvaine, nilimbembeleza.

Mama ndiye aliyemaliza mchezo. Siku iliyofuata Gilles alitupeleka kuona lile daraja refu la Millau, lile linalopita juu ya mawingu asubuhi. Akaegesha, akatoka, akaanza kumwonyesha mama nguzo. Mama hakufungua hata mkanda.

"Daraja nimeliona," akasema. "Ni refu, hongera zao. Sasa nataka mume wangu."

"Mama, tukitoka hapa nilifikiri tupitie Roquefort, tuone mapango wanamowekea jibini..."

"Gilles! Nikitaka jibini nitakwenda dukani. Washa gari."

Akawasha. Régis alijaribu kuimba, akaacha.

Tulifika Montfalgous mchana, kijiji kimya, madirisha yamefungwa kwa ajili ya jua. Mama akashuka na ndoo yake mkononi, akakataa kusaidiwa. Gilles akasema kwanza atatafuta kivuli cha kuegesha gari. Tukaingia makaburini sisi watatu, mama mbele, anaijua njia hata kwa kufumba macho: mstari wa pili, baada ya familia ya yule mwoka mikate, mkono wa kushoto.

Akasimama. Mimi nilidhani amechoka. Kisha nikaona anachokiona. Palikuwa na jiwe jipya jeusi linalong'aa, lenye picha ya mzee mwenye kofia, na jina la watu wengine kabisa. Delbouys. Mama akahesabu makaburi tena kuanzia la mwoka mikate, akinyoosha kidole. Akarudia mara ya pili.

"Maryse," akaniambia taratibu, "nimelala wapi mimi?"

Upande wa pili alikuwako Bi. Raynal, yule jirani yetu wa zamani aliyekuwa akitupa plamu, anamwagilia maua ya kaburi la mumewe. Alipomtambua mama karibu aangushe birika.

"Huguette! Kumbe wewe upo?"

"Nipo wapi ndilo ninalouliza," mama akasema. "Fernand yuko wapi?"

Maskini Bi. Raynal alitutazama mmoja mmoja kwanza, aone kama tunamtania. Halafu akatueleza. Muda wa kiwanja uliisha, miaka ikapita, hakuna aliyekuja kuuongeza. Wakabandika tangazo juu ya jiwe, likaliwa na mvua, wakabandika jingine. Majani yakamea mpaka jina halisomeki. "Tukajua akina Vayssade mmekwisha wote," akasema. "Mimi mwenyewe niliwaombea, Huguette. Nimekuombea mwaka mzima upumzike kwa amani." Mwishowe kijiji kikakichukua kiwanja, mifupa ya baba ikatolewa, ikapelekwa kule mwisho karibu na ukuta, kwenye kile kichumba cha mawe chenye kifuniko cha chuma wanamokusanywa wasio na mtu.

Wasio na mtu, Sylvaine. Baba yetu mwenye watoto watatu.

Mama akageuka kuelekea lango. Gilles alikuwa amesimama pale, hajaingia, funguo za gari ziko mkononi.

"Njoo," mama akamwita.

Akaja kama alivyokuwa akija zamani akiwa amevunja kitu. Alisema barua kutoka ofisi ya kijiji aliipata. Ilikuwa wakati ule Corinne anaondoka, akajiambia atakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa ijayo nyingine. Siku alipopata nguvu ya kwenda, akakuta jiwe la watu. Akashindwa kusema. Kadiri alivyokaa kimya ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu kusema.

"Na maua?" nikamuuliza. "Maua ya kwenye friji yangu?"

"Nilikuwa nayapiga picha dukani."

"Hata kuyanunua hukuyanunua?"

Akatikisa kichwa. Ningempiga, Mungu anisamehe, na ningempiga mbele ya wafu wote. Régis alinishika kiwiko. Ndipo Gilles, kwa kuona uso wangu, akataka kugawana mzigo.

"Si mimi peke yangu. Sylvaine anajua. Nilimwambia mwaka juzi. Yeye ndiye aliyesema nisiseme, mama ni mzee, ataondoka bila kujua, tumwachie amani yake. Hata hii safari ni wazo lake. Alisema, wazungushe, labda atachoka aombe kurudi nyumbani."

Hapo ndipo mahali pako. Nilikaa juu ya ukingo wa kaburi la mwoka mikate. Gilles ni Gilles, alikuwa anasahau hata kujifunga viatu. Lakini wewe! Wewe niliyekusuka nywele, niliyekuwa nakupigia simu kila Jumapili, ukisikiliza nikisoma barua za mama za kumtaka Gilles apunguze maua ya manjano alete meupe. Ulisikiliza yote hayo. Ulicheka nami. Na pale Chambord ukaniambia tusiharakishe.

Niambie kitu kimoja tu, maana nimekigeuza kichwani njia nzima ya kurudi. Siku ya mama ingefika. Ulidhani tutafanya nini? Tungetoka Roubaix na jeneza, tumevaa nyeusi, tumelipia kengele ya kanisa, halafu tufike pale tumgongee mlango mzee Delbouys atupishe? Au mngetuzungusha na jeneza pia, tulipeleke kuona makasri?

Hiyo siyo amani mliyomwachia mama. Mlijiachia amani yenu wenyewe.

Lile jiwe letu halikuwa mbali. Walikuwa wameliegemeza nyuma ya kibanda cha majembe, limepasuka pembe moja. Mama alilipata mwenyewe. Akainama akasoma jina la baba, akasoma na lake. Kisha akamtuma Régis alete maji, akapiga magoti kwa shida juu ya koti langu, akalisugua jiwe lile lote, herufi moja moja, hata ile nafasi tupu iliyokuwa ikimngoja. Nilitaka kumsaidia akanisukuma mkono. Bi. Raynal alikuwa analia. Mama hakulia. Alipomaliza aliinuka, akaenda hadi kwenye kile kichumba cha ukutani, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha chuma, na kwa kuwa jua lilikuwa limekichoma akakitoa haraka. Akakirudisha. Akakiacha pale.

Tulilala kijijini. Asubuhi nikaenda naye ofisi ya kijiji. Katibu ni binti mpole, alitukaribisha kahawa na hakutuharakisha. Akasema viwanja vipo, mama anaweza kupata kipya wakati wowote, na jiwe lake arudishiwe. Mama akasema hataki kiwanja, anataka kuwekwa alipo mumewe. Binti akaeleza kwa upole kwamba haiwezekani. Baba hawezi kutolewa tena, wamechanganyika mle na wengine. Na maiti mpya haingizwi mle. Lazima kwanza azikwe kaburini kama watu wote. Wanaoingia mle ni wale ambao muda wao umekwisha na hakuna aliyekuja kuwauliza.

Mama akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akaniambia twende tukale.

Tulikula kwenye ile hoteli ndogo uwanjani, viazi vya kupondwa na jibini linalovutika, chakula cha kwao na baba. Gilles alikaa mwisho wa meza kama mgeni asiyealikwa. Nilikuwa nimeshapanga moyoni. Nilisema mbele ya wote kwamba nitamtafutia mama kiwanja kizuri, jiwe nitalitengeneza, na kuanzia sasa nitalitunza mimi, hata kama itanilazimu kupanda treni mara mbili kwa mwaka. Nilitarajia mama atanishika mkono.

"Kiwanja sawa," mama akasema. "Chukua cha muda mfupi kuliko vyote. Lakini wewe hutalitunza. Atalitunza Gilles."

Tuliacha kula. Gilles machozi yakamtoka palepale, akainuka akamfuata, akapiga goti kando ya kiti chake.

"Mama, umenisamehe? Nakuapia, nitakuja kila mwezi. Kila mwezi, mama."

"Usithubutu," mama akamwambia. Alikuwa anampapasa nywele, sauti yake ya kawaida kabisa, ile ya kututuma chumvi. "Usije hata siku moja. Barua zikija usijibu. Majani yakiota yaache. Unisahau vilevile ulivyomsahau baba yako, ili na mimi wanitoe, wanipeleke kule aliko. Kazi hiyo unaiweza, nimeona. Sylvaine atakusaidia kunyamaza." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Maryse, marufuku kukanyaga pale. Wewe utasugua, utapanda maua, utaniharibia."

Amenituma nikuandikie hayo jinsi alivyoyasema, nisiongeze wala nisipunguze, kwa kuwa una kazi yako ndani yake. Nimekwisha kukuandikia.

Nisalimie Loïc, na uwabusu Maëlle na Titouan kwa niaba ya mama yao mkubwa, ambaye Régis humwita mkali. Wao hawana kosa. Bi. Raynal naye alikuuliza, nikamwambia uko salama. Mungu akulinde na bahari hiyo inayokuzunguka, awalinde pia watoto wako, na awajalie kukukumbuka. Nilimuuliza mama naye niandike nini kutoka kwake, akafikiri, akasema andika salamu.

Mimi dada yako akupendaye, ingawa wiki hii kwa kujilazimisha,

Maryse